Kabla ya kuilaumu jeki ndefu, tazama pini zake

Jeki ndefu ya chuma, ile yenye nguzo iliyotobolewa matundu toka chini hadi juu na mkono mrefu wa bomba, imepakwa matope kuliko inavyostahili. Wanapokutana wenye magari ya kupita njia mbovu, hakosi mtu wa kusema ni chombo cha kuvunja watu mataya, kitupwe, kila mtu abebe jeki ya haidroliki. Nusu ya maneno hayo nayakubali. Jeki hii inaweza kumuumiza mtu vibaya. Lakini nimeshuhudia nyingi zikifunguliwa baada ya kuitwa mbovu, na mara nyingi kilichokutwa ndani ni uchafu tu, uliokaa mahali pamoja: kwenye pini mbili za kupandia na springi zake.

Ile maarufu kuliko zote, Hi-Lift, imekuwa ikitengenezwa Marekani tangu 1905, na umbo lake halijabadilika sana. Hilo pekee lingetosha kumfanya mtu ajiulize kabla ya kuitukana. Haina mafuta ya ndani, haina oilsili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, ya kupasuka, haina sehemu iliyofichwa usiyoweza kuiona kwa macho. Mwenye brashi, kitambaa na kopo la mafuta mepesi anaweza kuitunza miaka mingi bila kumuita fundi. Kinachonikera ni kwamba kazi rahisi namna hiyo ndiyo inayoachwa kabisa. Jeki inafungwa nje ya gari, inapigwa na mvua, vumbi na matope mwaka mzima, kisha siku gari limezama mpaka kwenye ekseli inashushwa na kutakiwa ifanye kazi kama ilivyotoka dukani.

Tuangalie inavyopanda, maana hapo ndipo akili yote ya kuirekebisha ilipo. Kwenye nguzo kuna vichwa viwili vya chuma: kikubwa, chenye mdomo unaobeba gari, na kidogo kilicho chini yake. Kila kimoja kina pini inayosukumwa na springi iingie kwenye tundu la nguzo. Ukikandamiza mkono chini, pini ya kichwa kidogo inashika nguzo, na kichwa kikubwa kinasukumwa juu na mzigo wake mpaka pini yake nayo inaingia tundu linalofuata. Unasikia mlio wa kwanza. Ukiuinua mkono, mzigo unabaki umekalia pini ya juu, na kichwa kidogo kinavutwa kufuata. Mlio wa pili. Ndivyo inavyotambaa, tundu baada ya tundu, na wakati wowote uzito wote wa gari umeshikwa na pini isiyozidi unene wa kidole.

Kwa hiyo mtu anayeijua jeki yake huisikiliza. Milio miwili kila unapokamilisha mzunguko wa mkono, mikavu, ya chuma kugonga chuma. Ukikosa mlio mwishoni mwa kukandamiza, pini ya juu haikuingia. Ukiukosa wakati wa kuinua mkono, ni ya chini. Mlio ukija mzito, kama umezibwa, pini imeingia nusu, na hiyo naiogopa kuliko kutoingia kabisa, kwa sababu jeki itaonekana imeshika kumbe imeegemea ncha. Ukisikia hivyo usiendelee hata tundu moja zaidi. Kama gari bado linakalia matairi yake, toa jeki, usafishe, ndipo uanze upya.

Kusafisha kwenyewe si jambo la siku nzima. Weka kilimi cha kugeuza, kile kinachoamua jeki ipande au ishuke, kwenye hali ya kupanda. Piga brashi ngumu matundu yote ya nguzo, mbele na nyuma, kwa kuwa udongo mkavu hukaa kama kizibo upande usiouona. Kisha hamia kwenye vichwa. Mafuta ya taa yanang'oa uchafu uliogandamana. Ukipata hewa ya kompresa, ipulize kuzunguka pini mpaka kisitoke kitu tena. Halafu shika pini kwa vidole, ivute na uiachie. Irudi yenyewe, kwa haraka, mpaka mwisho. Ikirudi kwa kusitasita bado kuna mchanga ndani, au kutu, au springi imechoka. Fanya hivyo kwa zote mbili, si ile moja unayoifikia kwa urahisi.

Pini ikikataa, ifungue. Kila pini imezuiwa na kipini chembamba kinachopita katikati yake. Kikishatoka, pini na springi vinachomoka. Tandaza kitambaa cheupe chini kabla hujaanza, maana springi ile ni ndogo na ikiruka kwenye majani imekwenda. Ukiwa na pini mkononi, itazame kwenye mwanga mzuri. Pini nzima ina uso laini na ncha isiyo na pembe zilizomeguka. Ikiwa na mfereji uliochimbika pale inapokalia ukingo wa tundu, au imemeguka hata kidogo, haifai kurudishwa. Usiisugue kwa msasa ukidhani umeiponya. Umeipunguza unene tu. Springi nayo ilinganishe na mwenzake. Iliyofupika au kushika kutu ibadilishwe, na ni busara kubadilisha zote mbili pamoja. Watengenezaji huuza pini, springi na bolti zake kama pakiti moja ya matengenezo, na pakiti hiyo ikae ndani ya gari, isibaki kabatini nyumbani.

Sasa grisi. Hapa najua nitapingana na wengi, wakiwemo mafundi ninaowaheshimu. Grisi ni nzuri mahali palipofunikwa, na jeki hii haijafunikwa popote. Ukiipaka kwenye nguzo na kwenye pini, inakamata kila chembe ya vumbi barabarani, na baada ya safari chache una uji mweusi wenye mchanga unaosaga chuma na kuzuia pini isirudi. Mafuta mepesi, kidogo tu, kwenye pini na kwenye maungio ya mkono. Kwenye nguzo tumia silikoni ya kupuliza au kilainishi kikavu. Ikibidi kuchagua kati ya jeki iliyojaa grisi na jeki kavu iliyo safi, mimi nachukua kavu.

Kosa jingine linalofanywa kwa nia njema ni rangi. Mtu anaona kutu kwenye nguzo, anapiga rangi mikono miwili mitatu ipendeze. Rangi inaingia matunduni, matundu yanabana, pini haizami mpaka mwisho. Kutu ya juujuu isugue kwa brashi ya waya, futa kwa kitambaa chenye mafuta, inatosha. Na kama lazima jeki ikae nje ya gari, funika vichwa vyake kwa turubai dogo au mpira wa tyubu kuukuu uliofungwa vizuri. Nguzo inavumilia hali ya hewa, pini haziwezi.

Kuna malalamiko mengine yasiyo ya ubovu kabisa. Mtu anaijaribu jeki ikiwa tupu, anaweka kilimi kwenye kushusha, na vichwa vinaporomoka mpaka chini kwa mkupuo mmoja. Anaamua imekufa. Haijafa. Ili ishuke hatua kwa hatua, jeki hii inahitaji mzigo usiopungua kama kilo 68 juu yake. Chini ya hapo huteleza. Mkono ukiwa mzito kukandamiza, tazama kwanza kama nguzo imesimama wima, kwa kuwa jeki iliyoinama husugua nguzo yake yenyewe. Na kama kitako kinazama ardhini, weka ubao mpana chini yake. Hayo hayahitaji fundi wala spea.

Bolti ya usalama ndiyo inayonipandisha sauti. Kwenye maungio ya mkono wa Hi-Lift kuna bolti iliyoundwa kukatika jeki ikizidiwa. Ikikatika, mkono unaanguka na kulala sambamba na nguzo, na mzigo unabaki ulipo, umeshikwa na pini. Ni fikra nzuri mno: kitu kidogo kinajitoa ili kikubwa kisipasuke. Halafu anakuja mtu, bolti imemkatikia, anaona ni dhaifu, anaweka ngumu kuliko ile ya kiwandani. Kuanzia hapo jeki haina tena pa kukatikia kwa amani. Mzigo ukizidi utapasuka mmojawapo wa vile vichwa, ambavyo ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, nacho hupasuka bila kutoa onyo. Bolti ikikatika, jiulize ulikuwa unainua nini. Gari lililonaswa na tope lina uzito wake pamoja na mvuto wa tope. Chimba kwanza, punguza mvuto huo, weka bolti ya aina ileile, kisha inua. Uwezo wa jeki umeandikwa juu yake. Za siku hizi za Hi-Lift ni takriban kilo 2,100.

Nije kwenye kushusha, maana hapo ndipo sifa mbaya ilipozaliwa. Jeki inaposhuka, uzito wa gari ndio unaousukuma mkono juu, na kwa nguvu. Anayeulegeza au kuinamia karibu yake atapigwa, hata kama jeki ni safi kiasi gani. Shika kwa mikono yote miwili, kichwa chako na mwili wako vikae nje ya njia ya mkono wa jeki, na usiguse kilimi kabla hujausimamisha mkono ukalala kwenye nguzo. Ukipumzika katikati ya kazi, uache hivyo hivyo, umelala kwenye nguzo, kilimi kikiwa kwenye kupanda. Chini ya gari lililobebwa na jeki hii usiingie kabisa; kulishikilia gari mtu akiwa chini yake ni kazi ya stendi, vile vigingi vya chuma vya kusimamishia gari. Matairi yanayobaki chini yawekewe kabari pande zote, na mwenye Land Rover ya zamani akumbuke kwamba breki yake ya mkono inashika shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, si matairi yenyewe: ukiinua tairi moja la nyuma, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili, inaliachia lile la pili lizunguke, na gari linaweza kuondoka huku umeliwekea breki.

Ikikwama katikati ya kushusha, gari likiwa juu, usiipige nyundo. Rudisha kilimi kwenye kupanda, inua tundu moja, pini iliyokwama ipumue. Mwagia maji kama ni tope bichi, mafuta kama ni vumbi au kutu, ya aina yoyote uliyo nayo, hata ya injini. Jaribu tena kushusha. Ikikataa mara ya pili, acha kabisa kuitegemea: panga magogo au tairi la spea chini ya chasisi, au ingiza jeki nyingine ya chupa chini ya ekseli ibebe mzigo. Uzito ukishahamia kwenye hiyo nyingine, pini iliyokataa mara nyingi hutoka kwa kuvutwa na vidole, na usipoipata kwa vidole unaweza kuigonga taratibu bila hofu ya kuangukiwa.

Kitu kimoja tu katika jeki hii sikubali kitengenezwe. Ni nguzo iliyopinda. Ilaze juu ya kitu kilichonyooka, au itazame kwa jicho moja kutoka kitakoni kwenda juu, pande mbili, ya upana na ya unene. Ikiwa na mkunjo unaouona kwa jicho, au matundu yaliyovutika kuwa marefu, usiipeleke kwa mchomeaji ainyooshe kwa moto. Moto unaharibu ugumu wa chuma, na nguzo itakunja tena palepale, safari hii ikiwa na gari juu yake. Vua vichwa, viweke kama spea kama havina ufa, kisha nunua nguzo nyingine.