Kelele za prepo na karatasi ya monita

Katika shule nyingi za bweni nchini Tanzania, kipindi cha kujisomea usiku, ambacho wanafunzi wenyewe hukiita prepo, huendeshwa kwa sharti moja kuu, nalo ni kimya. Walimu huzihesabu kelele za kipindi hicho kuwa utovu wa nidhamu, ilhali wanafunzi wengi huziona kuwa jambo lisiloepukika pale vijana wanapowekwa pamoja usiku kucha na mchana kutwa, na kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyopenda kukiri.

Anayedai kimya ana haki ya kusikilizwa kwanza. Mwanafunzi wa kutwa akisumbuliwa na redio sebuleni anaweza kuhamia uani au kwa jirani, lakini wa bweni hana pa kwenda, maana darasani, bwaloni na bwenini atakutana na watu walewale. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza kelele za chinichini zisizidi desibeli 35 darasani wakati wa masomo, wakati mazungumzo ya kawaida ya watu wawili tu hufika kama desibeli 60, kwa hiyo anayelalamika hadeki. Tena wanaoumia zaidi ni wale ambao ni lazima warudie ukurasa mara kadhaa ndipo uwaingie, si vipanga ambao wangefaulu hata kama wangesomea stendi ya mabasi.

Hata hivyo, si kila sauti ya prepo ni porojo. Mwanafunzi anayemwelekeza mwenzake hesabu za moli anamalizia kazi ambayo mwalimu wa kemia, mwenye mikondo mingi ya kufundisha, hakupata muda wa kuimaliza. Majengo nayo yana sehemu yake ya lawama: bati lisilo na dari, sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha kila neno, na mmoja akiongea, wa pili hupaza sauti ili asikike, wa tatu akapaza zaidi, jambo ambalo daktari wa Kifaransa Étienne Lombard alilieleza mwaka 1911. Baada ya muda mfupi darasa zima linavuma, na ukiuliza nani kaanza hupati jibu la kweli.

Ni swali hilohilo, la nani kaanza, ambalo monita hulazimishwa kulijibu kwa maandishi. Karatasi huchanwa katikati ya daftari, majina yakapangwa, na mbele ya kila jina ikawekwa alama ya mara mbili, mara tatu au mara tano, kadiri mhusika alivyoendelea kuongea au, mara nyingi zaidi, alivyoendelea kubisha kwamba hakuongea. Ubishi huo wenyewe ni kelele, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote za usiku huo. Rafiki wa monita haandikwi, mbabe wa darasa anaandikwa kisha anafutwa kabla karatasi haijamfikia mwalimu wa zamu, na mpole aliyeazima rula anajikuta wa pili kwenye orodha. Naelewa kwa nini walimu huipenda: mwalimu mmoja wa zamu hawezi kuwa katika madarasa yote kwa wakati mmoja. Lakini kinachopimwa hapo ni urafiki na uoga, si kelele.

Hatari inaongezeka orodha inapogeuzwa kuwa hati ya fimbo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Sioni namna ambayo mnong'ono wa prepo unaweza kuhesabiwa kuwa kosa la uzito huo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na bado orodha ya wapiga kelele inafahamika vizuri huko. Kuondoa fimbo peke yake, basi, hakuondoi karatasi.

Ningependelea shule itenge sehemu mbili: madarasa ya kimya kwa wanaosoma peke yao, na bwalo kwa vikundi vya majadiliano, mwalimu wa zamu akikaa zaidi bwaloni. Wapo watakaosema kwamba bwalo litageuka kijiwe, na kwa baadhi ya wanafunzi litageuka kweli, ila kijiwe kilicho mbali na msomaji hakimdhuru kama kilicho dawati la pili kutoka kwake. Bwenini, taa zikishazimwa, upande wa pili hauna hoja yoyote ninayoweza kuitetea, kwa kuwa usingizi wa aliyelala kitanda cha chini hauna sehemu nyingine ya kuhamishiwa, na huko patroni au matroni apite mwenyewe, asimtume kiranja na kalamu.