Bukta Ilikuwepo

Jamani, kabla hamjaendelea kuisambaza kwenye magrupu ile sauti ya sahibu yangu seremala kuhusu mie na bunduki ya misumari, sikilizeni na ya kwangu. Mie mzima, sijachomwa na msumari popote, na kubwa kuliko yote: BUKTA ILIKUWEPO. Anayesema nilibaki kama nilivyozaliwa ni muongo, na anajua kuwa ni muongo, maana yeye ndiye aliyekuwa ameishika ngazi. Au tuseme alipaswa kuwa ameishika.

Mnajua napaua jiko la nje hapa Fuoni. Mama watoto kachoka moshi wa ndani, na fundi wangu alivuka kwenda Pemba harusini, tangu hapo simu inaita tu. Kenchi alishasimamisha, zimebaki papi, zile mbao za kulazia bati. Nikasema papi nitapiga mwenyewe. Tatizo nyundo na mie hatujawahi kupatana. Msumari wa inchi tatu nikiupiga unalala, dole gumba ndilo linalosimama. Halafu nikaona video ya mzungu yuko juu ya paa na bunduki ya misumari, anagusa tu mbao, pa, pa, pa, anasonga mbele huku anazungumza. Sikulala.

Basi tukaenda na sahibu hadi Mwanakwerekwe kwa muuza vitu vya kontena. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa ndogo, ya betri, nyepesi, kijani na njano. Rangi za Wananchi! Nikaikumbatia hapo hapo. (Mnaonifuata humu mnanijua, mie ni Yanga wa kufa. Likumbukeni hilo, linakuja kunikaba mbele.) Sahibu akaigeuza chaja, akasoma mgongoni: volti 120. Akaniuliza, "Yakhe, nyumbani kwako umeme wa Marekani?" Wa kwetu ni 230. Ningeichomeka ingefuka moshi kabla sijasema bismillahi.

Tena akasema hata ingekuwa na chaja ya hapa isingenifaa, misumari yake ni ya geji 18, yaani kipimo cha unene, hiyo ni ya urembo, ya vipande vyembamba vya kuzungushia mlango. Nikamwambia, "Si kubwa kuliko ile ya 16 pale?" Muuzaji akajifanya anafuta vumbi. Kumbe geji inakwenda kinyume, namba ikipanda msumari unazidi kuwa mwembamba. Ya 23 ndiyo nyembamba kabisa, haina hata kichwa. "Kapaulie hiyo," sahibu akasema, "kusi likivuma bati lako ukalifuate Bububu."

Ikaja ya gesi. Hiyo nilitaka kuing'ang'ania, haina waya wala mpira, lakini inakula vichupa vyake maalumu. Nikauliza kichupa kikiisha nanunua wapi. Muuzaji akasema tutaagiza. Sahibu akasema, "Nenda Forodhani kwa wauza mishikaki, labda watakugawia."

Mwisho tukashika ya upepo, ile kubwa ya kupigia kenchi, inayomeza misumari hadi ya inchi tatu na nusu iliyoshikanishwa mkanda mmoja. Inataka kompresa, na jirani yangu anayepaka magari rangi anayo, kwa hiyo hilo lilikwisha. Hapo ndipo muuzaji aliponionesha kijiswichi kando ya kitufe cha kufyatulia. Nawaomba mkisome kipande hiki pole pole, maana ndiyo kesi yenyewe. Upande mmoja ni wa mmoja mmoja: ukandamize mdomo kwenye mbao kwanza, ndiyo uvute kitufe, utoke msumari mmoja, na huupati wa pili mpaka ukiachie kitufe uanze upya. Upande wa pili ni wa kugusa: kitufe unakishikilia tu, na kila mdomo unapogusa kitu, msumari huo. Haijali umegusa nini. Mbao, mtu, ukuta wa jirani, yote kwake sawa.

Sahibu akasema, "Weka mmoja mmoja." Nikasema sawa.

Kufika nyumbani nikaweka ya kugusa. Nyie mngewekaje? Yule mzungu wa kwenye video hakuwa anaachia kitufe!

Alasiri hiyo kusi lilikuwa linavuma kweli kweli. Kompresa tukaijaza mpaka mshale ukasimama kwenye 100. Sahibu akanitazama juu mpaka chini, akasema kazi hii inataka suruali na miwani. Miwani nikavaa. Suruali nikamwambia hii ni nyumba yangu, na ndani ya nyumba yangu mie ni mtu wa kikoi. Nikapanda. Na wallahi kazi ilikwenda! Papi ya kwanza, pa pa. Ya pili, pa pa. Niliona hata ile njia ya kwenda kwa fundi kumwambia abaki huko huko Pemba.

Nipo juu, papi usawa wa kiuno, kidole kiko kwenye kitufe, nikasikia mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Mama mkwe.

Na si peke yake, yuko na dada zake wawili kutoka Makunduchi, wamekuja kuliona jiko, mbele wametanguliza sinia ya mikate ya kumimina. Nikageuza shingo kuitika karibu. Kidole sikukigeuza. Nyuma yangu kusi likaingia chini ya kikoi, likakifurisha, likaunyanyua upindo wa mbele na kuulaza juu ya papi kwa adabu kabisa, kama mtu anayetandika mkeka. Mkono wangu ukashuka. Pa. Bunduki ikaruka, ikarudi, ikagusa tena. Pa. Nikajisemea ah, huo wa pili ni bonasi, papi itashika zaidi. Sikuangalia. Ningeangaliaje, nami nimempa mama mkwe uso?

Sasa, mtu wa heshima hamwamkii mkwewe akiwa juu ya ngazi. Inabidi ushuke. Nikashuka ngazi moja huku naanza, "Shika..."

Magoti yakapata upepo. Nikadhani kusi.

Nikashuka ya pili, "...moo..."

Fundo la kikoi likapanda kutoka kiunoni likanibana mbavuni. Hapo akili ikaniambia kuna jambo, ila mguu ulikwishatoka kuelekea ya tatu, na mguu ukishatoka haurudishwi na akili. Mkono mmoja umeshika ngazi. Mwingine umeshika bunduki yenye upepo wa 100 na misumari zaidi ya nusu mkanda. Nimsifu mtu mmoja tu katika kisa hiki, nijisifu mie: kidole nilikitoa kwenye kitufe. Lakini nikiiachia bunduki inaangukia watu, nikiiachia ngazi naangukia mikate. Kikoi hakikuwa na mkono wa kukishika.

Nikamwita sahibu. Saa hiyo hiyo kompresa ikaona upepo wake umepungua, ikajiwasha yenyewe, drrrrrrr, mtaa mzima husikii kitu. Natazama chini, namuona sahibu kaachia ngazi, kashika mbavu zake mwenyewe, machozi yanamtoka.

Nikashuka ya tatu. "...mama."

Fundo likafunguka. Taratibu. Lilianza kunipunguzia kubana, nikapumua kidogo hata nikafurahi, kisha nikahisi kitambaa kinanipitia mgongoni kinakwenda juu, kinanipitia bega, kinanifunika miwani, kinaondoka. Nikabaki na fulana, miwani na bunduki. Kikoi kipo kule juu kinapepea.

Na bukta. Ilikuwepo, nimewaambia. Sasa ili nijisafishe na uongo wa sahibu, itabidi mjue ilikuwa bukta ya namna gani. Ilikuwa nyekundu. Na pajani, jamani, pajani ina yule mnyama, mdomo wazi. Mama watoto ni mtu wa Msimbazi, Simba, mahasimu wetu, ndiye aliyeinunua, na kwa kuwa ni laini nikawa naivaa ndani ya nyumba, chini ya kikoi, kati yangu na Mola wangu. Ningejua, siku ile ningevaa mfuko wa saruji.

Kompresa ikanyamaza. Bila ya kutangaza, kama ilivyoanza. Mama mkwe alishajivuta ushungi machoni na kugeukia ukutani, Mungu amlipe. Khalati mkubwa, mmoja wa wale dada zake, hakugeuka. Aliisoma bukta kama anayesoma bango, akamwambia mwenzake kwa ile sauti yao ya kunong'ona inayofika barabarani, "Mbona wametwambia huyu Yanga?"

Mengine yalikwenda haraka. Sahibu akanirushia kanga ya mama watoto iliyokuwa kambani, nikajifunga, nikaamkia upya, mikate ikaliwa, hakuna aliyenitazama. Kikoi hakikung'oka, ile misumari imejikita hadi vichwa, mwisho tukakikata kwa mkasi. Papi, kwa taarifa yenu, imeshika barabara.

Usiku mama watoto akakaa na simu yake ananisomea. Kwamba Marekani, kati ya 2001 na 2005, watu kama 37,000 kwa mwaka walifikishwa hospitali kwa majeraha ya bunduki hizi, na kwamba 2011 wakubwa wao wa usalama kazini, OSHA na NIOSH, walitoa mwongozo na kushauri watu watumie ile ya mmoja mmoja, kwa sababu ya kugusa inarudi na kupiga wa pili. Nikamwambia nimeelewa. Akaendelea kushusha kwa kidole. "Natafuta," akasema, "kama kuna mwingine aliyejipigilia nguo mbele ya mkwewe. Simuoni."

Swichi nimeirudisha. Nimeifunga na utepe juu, watu wangu msiwe na wasiwasi. Kwenye grupu la Wananchi mtaani nimetolewa, na aliyenitoa ndiye sahibu huyo huyo. Na jana mama mkwe kampigia simu mwanawe, hakutaka kuzungumza nami, ila kasema banda lake la kuku limelegea mbao upande wa kusi, nipelekwe na ile mashine yangu Ijumaa baada ya sala. Nivae suruali.