Mtoeni kwanza kwenye mchanga

Kila Aprili yakiisha mashindano ya iventingi ya nyota tano, ngazi ya juu kabisa, pale Kentucky Horse Park, Marekani, banda letu hugeuka kijiwe cha mabingwa. Mwaka huu mama mmoja amerudi ametangaza kwamba farasi wake wa hanta, yaani wa kuruka viunzi uwanjani kwa ulaini na madaha, anahamia iventingi, mchezo wa mafungu matatu: dresaji, mbio za nyika na kuruka viunzi, tena ataanzia viunzi vya mita moja. "Si anaruka mita moja na sentimita kumi uwanjani bila kutoka jasho?" Mimi ni saisi, mtunza farasi, nilikuwa nimeshika hatamu, nikanyamaza. Ila hapa hakuna anayenilipa, kwa hiyo nasema.

Urefu haujawahi kumshinda farasi wa hanta. Kinachomshinda ni ardhi. Huyu mnyama amelelewa kwenye mchanga uliosawazishwa kila asubuhi. Viunzi vyake vimepambwa maua na vikiguswa vinaanguka. Nafasi kati ya kiunzi na kiunzi imepimwa kwa hatua ya futi 12, na jaji anampa alama kwa ulaini wa mwendo. Sasa mpeleke kwenye mbio za nyika, zile za kuruka vizuizi mashambani: mteremko, gogo lisiloanguka, mtaro ambao hata mtoto angeuruka. Atasimama kwenye ukingo wa mtaro, miguu ya mbele imekakamaa, pua chini, anakoroma, masikio yote mawili yamelenga lile giza la ndani. Hapo mita na kumi zake zina kazi gani?

Na hesabu haina huruma. Ukiangusha mti mmoja wa kiunzi uwanjani ni alama 4 za adhabu. Farasi akigoma mara moja kwenye mbio za nyika ni 20, yaani miti mitano kwa "sitaki" moja. Akigoma tena palepale ni 40 juu yake, na mara ya tatu mnatolewa.

Kwa hiyo mpandisheni na kumshusha vilima, kwa hatua za kawaida, wiki baada ya wiki. Hanta hufundishwa kwenda kwa mwili mrefu na shingo chini, uzito mabegani. Kwenye mteremko uzito huo unamsukuma puani. Lazima ajifunze kuurudisha nyuma, na mpandaji naye aache kulalia shingo kama vile bado anapigwa picha. Mtafutieni farasi mzee aliyezoea maji, amtangulie dimbwini. Msimvute. Mwacheni anuse, apige maji kwa kwato, ajiloweshe tumbo, aone kwamba chini kuna sakafu. Gogo la kwanza liwe la kufika magotini, na aliendee kwa mwendo wa matiti, ule wa kati ya kutembea na kukimbia. Yakikaa sawa hayo, ngazi ya wanaoanza ipo, viunzi vya kama sentimita 80, mwendo wa mita 300 hadi 350 kwa dakika. Ukikimbiza kupita kiasi hapo unaadhibiwa, hivyo wale wa kujionyesha tulieni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mashindano ya hanta yenyewe yametokana na uwindaji wa mbweha, farasi akiruka kuta na mitaro mashambani huko. Leo wajukuu wake wanaogopa nyasi! Hongereni.

Dresaji, yaani lile fungu la mwendo na utiifu? Mwalimu mzuri atamfundisha kuipokea lijamu, chuma cha mdomoni, badala ya kutembea na hatamu zinazoning'inia. Matingeli, ukanda wa kuzuia kichwa kisipande, ile inayofungwa kwenye mkanda wa pua, ivueni, haikubaliki kwenye iventingi. Na kwenye mbio za nyika kizibao cha kinga cha mpandaji si hiari.

Haya, nikubali moja, shingo upande: farasi wa hanta aliyefundishwa vizuri ana mwendo usiobadilika toka kiunzi cha kwanza hadi cha mwisho, na utulivu ambao wengi wetu wa iventingi tungeuza tandiko kuupata. Wale farasi waliostaafu mbio niliowahudumia Ngong, kwenye uwanja wa mbio wa Nairobi, walikuwa wakiona kiunzi wanainua kichwa kama twiga na kuondoka na mtu. Mali anayo, basi. Ndiyo maana inaniuma kuona inaharibiwa kwa siku moja ya haraka. Farasi aliyechapwa fimbo mtaroni kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha hasahau. Kesho yake mimi ndiye ninayemwosha, na nikipitisha sifongo pale alipochapwa ngozi inatetemeka.

Na kama baada ya mafunzo ya kweli bado anagoma, mrudisheni kwenye maua yake. Atashinda riboni, na mtu atalala usingizi.