Maharage yameshaliwa, hela bado hazijashuka

Mwaka juzi nilipeleka tani 5 za maharage kwenye shule moja ya bweni huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ilikuwa Julai, ile baridi inayomfanya hata konda wa daladala avae soksi mikononi. Mtunza stoo alishatoa mizani nje, na wajumbe watatu wa kamati ya mapokezi walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti. Si watu wa mchezo wale. Kila gunia walilichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, wakamimina kiganjani, wakapuliza, wakatafuta tundu za wadudu. Gunia moja lilipungua kilo 2, wakanirudishia nijaze. Mwalimu mmoja akasema, "Mzee, hapa hatutaki lumbesa wala pungufu, tunataka kilo." Nikajaza. Nikasaini, wakasaini, nikaacha ankara yangu, nikarudi dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya mjini, nikijiona mfanyabiashara kweli.

Nililipwa Septemba ya mwaka uliofuata. Miezi 14. Vijana wa kidato cha nne waliokula yale maharage walikuwa wameshafanya mtihani, matokeo yametoka, na wengine wako kidato cha tano.

Nimeamua kuandika hili kwa sababu kila ninaposikia watu wakijadili tenda za serikali, wanajadili nani kashinda. Nani kapewa, kajuana na nani, kaacha nini mezani. Sikatai, mambo hayo yapo, na mkono mtupu haulambwi. Lakini kwa sisi wadogo shida kubwa inaanza ukishashinda.

Kwenye kushinda, kusema ukweli, mambo yamenyooka kuliko zamani. Ninakumbuka kupanda basi na bahasha ya kaki yenye lakiri, kwenda kuitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli, halafu kukaa kwenye benchi kusubiri bahasha zifunguliwe. Gari likiharibika njiani, umekosa. Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma zinatakiwa kununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, uliochukua nafasi ya ule wa TANePS. Sasa ninajaza nikiwa stationery ya jirani, kijana wa pale ananisaidia kupandisha TIN na leseni, na nikishindwa ninaliona tangazo na jina la aliyenishinda. Mtandao unasumbua, ndiyo, lakini nauli imepungua.

Nauli imehamia kwenye kufuatilia. Ukishapeleka mzigo unaanza kazi ya pili, isiyo kwenye mkataba. Unapiga simu, unaambiwa hela hazijashuka. Unaenda mwenyewe, mhasibu yuko kwenye kikao. Unaenda tena, nyaraka moja haina muhuri. Mimi nilikwenda mara 11, na kila safari ilinila shilingi 12,000. Na hapo ndipo maneno kama "maji ya kunywa" yanapoanza kutamkwa kwa sauti ya chini. Mtu anayekudai rushwa ili ushinde unaweza kumkimbia. Anayekalia hela yako ya jasho utamkimbiaje?

Ngoja niwape hesabu zangu, mke wangu alishachoka kuzisikia. Maharage niliyakusanya Mbozi, hadi yanafika shuleni kilo ilinigharimu shilingi 1,850. Niliuza 2,200. Kwa kilo 5,000, faida ni 1,750,000. Mtaji ulikuwa na mkopo wa benki wa milioni 8 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, na kwa miezi 14 nilikuwa ninalipa riba tupu, deni lenyewe liko palepale. Riba hiyo ni kama 1,587,000. Inabaki 163,000. Toa nauli 132,000. Nimebaki na elfu 31. Asilimia 2 ya kodi ya zuio waliyokata kwenye malipo siiweki hapa, maana hiyo inahesabiwa kwenye kodi yangu ya mwaka, ila siku ile wakati ninaihitaji haikuwepo mfukoni.

Wakubwa watasema sheria ipo. Ni kweli, tena ni mpya, ya mwaka 2023, na hata ile iliyotangulia ya 2011 ilimtaka afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, ahakikishe kuna fedha kabla hajatangaza zabuni. Tatizo ni kwamba "kuwepo" huko huhesabiwa kwa "kutengwa". Kwenye bajeti fedha zimetengwa, karatasi inaonyesha. Kushuka ni jambo jingine, zinashuka kadiri makusanyo yanavyoruhusu, na wanafunzi hawawezi kuambiwa wasile mpaka Hazina ifungue bomba. Kwa hiyo mkuu wa shule anaagiza, na pengo la katikati tunaliziba sisi. Serikali inakopa kwetu bila kujaza fomu ya mkopo.

Mimi angalau nina duka. Kuna kikundi cha akina mama mtaani kwetu wanaosaga dona. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, jambo zuri sana. Mtaji wao ni mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, usio na riba. Wakapeleka unga kwenye taasisi ya umma. Malipo yakachelewa. Marejesho ya mkopo hayakusubiri, afisa alikuja hadi kwenye mashine kuwakumbusha. Mwenyekiti wao aliniuliza, "Kaka, si serikali ileile?" Sikuwa na jibu. Mama yule aliuza mbuzi.

Vikundi vya namna hiyo vikipeleka mara moja havirudi. Wanaobaki kwenye tenda ni wenye uwezo wa kusubiri mwaka, na hao si wajinga, gharama ya kusubiri wanaiweka kwenye bei. Halafu tunashangaa kwa nini serikali inanunua kilo ya maharage kwa bei ambayo mama ntilie wa Kabwe angekucheka. Wengine wanaweka bei ya chini washinde, ikifika Februari maharage yamepanda, wanaleta yaliyobunguliwa au wanazima simu. Hao hufungiwa na majina yao huwekwa hadharani na PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, na mimi ninaunga mkono. Ila taasisi iliyopokea mzigo safi ikakaa miezi 14 bila kulipa, jina lake liko kwenye orodha gani?

Ninachotaka si kikubwa. Mfumo uleule unaoonyesha nani kashinda uoneshe pia kwa kila mwananchi tarehe mzigo ulipopokelewa na tarehe ulipolipwa. Tarehe mbili tu, pembeni ya jina la taasisi. Nikiziona kabla ya kuomba, nitajua ninaingia wapi. Sasa hivi habari hiyo ninaipata kwa kuuliza wenzangu kule sokoni, na tunaambiana kwa kunong'ona, maana ukionekana mlalamishi unaogopa mwakani hutaitwa.

Wiki iliyopita tangazo la chakula la mwaka mpya wa fedha limetoka. Nikaenda kwa yule kijana wa stationery. Tulipofika kwenye kisanduku cha bei ya maharage akaandika 2,200, anaikumbuka ya mwaka juzi. Nikamwambia futa. Akaniangalia. "Sokoni si wanauza chini ya hapo, mzee?"

Nikamwambia aandike 2,650.