Mwacheni mtoto na ubongo wake wote

Hii habari ya "mwanao ni wa ubongo wa kulia, mpeleke arts", yaani eti wa kulia ni wa sanaa na wa kushoto ni wa hesabu na sayansi, imeenea sana hapa Dar, unaikuta kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, kwenye semina, hata kuna walimu wa tuisheni wanaisema, na mimi inaniuma kwa sababu mtoto wa form two anaacha fizikia eti kichwa chake hakikuumbwa hivyo.

Kweli pande mbili za ubongo hazifanani, hilo halina ubishi. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alichunguza ubongo wa mgonjwa aliyefariki, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa anatamka "tan" basi, akakuta palipoharibika ni mbele, kushoto. Leo inajulikana kwamba karibu asilimia 95 ya wanaotumia mkono wa kulia lugha yao imeegemea kushoto, na hata mashoto wengi, kama asilimia 70, ni hukohuko. Kwa hiyo na wanaosema mtoto wa mashoto "anatumia ubongo wa kulia" nao waache.

Ila lugha yenyewe haikai upande mmoja. Mama akisema "haya, nenda" unajua papo hapo umeruhusiwa au ukitoka tu umekwisha, maneno ni yaleyale, toni ndo tofauti, na kuishika hiyo toni upande wa kulia una kazi kubwa. Ndo maana wapo waliopata kiharusi upande huo wa ubongo, wanaongea vizuri tu lakini sauti imekuwa bapa, utani hawaupati, na ndugu wanadhani mzee kaanza kiburi, jamani sio kiburi.

Halafu kuna kopasi kalosamu, nyuzi za neva kama milioni 200 zinazounganisha pande hizo mbili. Mtafiti wa ubongo Roger Sperry kule California, aliyepata Nobel 1981, alichunguza watu waliokatwa nyuzi hizo ili kutuliza kifafa. Ukimwonyesha mmoja wao picha ya kijiko ifike upande wa kulia tu wa ubongo, anakwambia sijaona kitu, maana upande wa kushoto unaoongea haujapata habari, lakini mkono wake wa kushoto, unaoongozwa na upande wa kulia, unapapasa na kuchagua kijiko! Sasa hao wamekatwa. Mwanao hajakatwa, pande zake zinapeana habari muda wote, hesabu anafanya nazo zote na kuimba anaimba nazo zote.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, wa miaka 7 hadi 29, wakakosa kabisa hao watu wa "kulia" na wa "kushoto". Kazi fulani zinaegemea upande, sawa, ila sio mtu mwenyewe kuwa wa upande mmoja.

Mtoto akifeli fizikia ulizeni kwanza mwalimu wa somo yupo, maabara ina vifaa, darasani wako wangapi, na mtoto mwenyewe anaona vizuri ubaoni.