Mdudu si wa kutiwa kwenye friji

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinitembelea hapa Muheza, kamera begani, na lenzi ambayo mimi niliisubiri miaka mingi. Akaniamkia vizuri, akanywa maji, kisha akauliza: "Mzee wangu, kwako kuna friji?" Nikadhani ana dawa inayotaka ubaridi. Akatoa kopo la plastiki. Ndani mlikuwa na kereng'ende watatu, wazima, mabawa yakigonga kifuniko. Alitaka kuwapoza kidogo wasiruke, kisha awapange juu ya jani apige picha.

Nikamwambia awarudishe alikowatoa. "Mbona wote wanafanya hivyo, mzee?" Neno hilo limeninyima usingizi wiki nzima.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilianza na kamera ya filamu ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50. Siku moja niliichomoa lenzi, nikaigeuza nyuma mbele, nikaibana kwa mkono kwenye kamera, nikainama juu ya kichuguu. Mchwa mmoja akajaa kioo kizima. Kuanzia hapo harusi nazipiga kwa ajili ya ada za watoto, na moyo wangu uko kwenye nyasi. Mwanga wa flashi naulainisha kwa kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kupikia hadi leo, na kinanitosha.

Ila mwalimu wangu mkubwa ni alfajiri. Kereng'ende usiku hulala kwenye unyasi, mwili umepoa sawa na hewa, hawezi kuruka hata akitaka. Ukimkuta kabla ya jua, umande umemvaa shanga kuanzia machoni hadi ncha ya mkia. Ukimsogelea hivyo kwa lenzi, sehemu inayoonekana sawasawa haifiki hata milimita moja; ukilenga jicho, bawa limepotea. Kwa hiyo unazuia pumzi, unapiga moja, unasogea kidogo mno, unapiga nyingine, ukizipata ishirini unaziunganisha kwenye kompyuta ziwe picha moja. Yeye ametulia tu. Jua likimgusa, mabawa yanaanza kutetemeka, anaipasha misuli moto. Matone yanadondoka moja moja. Kisha hayupo.

Ubaridi anaoutafuta yule kijana kwenye friji Mungu anautoa bure kila siku saa kumi na moja alfajiri! Kinachotakiwa ni kuamka.

Na aliyepozwa namjua nikiiona picha. Kereng'ende anapotua mwenyewe, mara nyingi miguu miwili ya mbele huikunja nyuma ya macho, anashika kijiti kwa ile minne. Huyo wa kwenye kopo miguu imemkaa ovyo, kawekwa juu ya ua ambalo hajawahi kulitua maishani. Watu wanaisifia picha kwa uhai wake, na mdudu mwenyewe huenda hakuamka tena. Huo ni uongo, na uongo kuhusu viumbe wa nchi yetu unaniuma, kwa sababu wengi wetu hatutawaona popote isipokuwa kwenye picha.

Sawa, watafiti hukusanya vielelezo, na bila wao hata majina ya wadudu hawa tusingeyajua. Lakini wao huandika mahali na tarehe, na hawamwambii mtu kwamba yule kipepeo wa kwenye pini yuko hai.

Kwa vinyonga ni mbaya zaidi. Pale Amani, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, kuna kinyonga asiyezidi kidole, mchana ni jani kavu kabisa. Usiku anapauka, analala kwenye kijiti cha chini, na tochi inamwonyesha upesi. Mara mbili nimeona mtu akimng'oa kijitini ampeleke penye mandhari nzuri. Rangi inamkolea papo hapo, macho yanazunguka. Usingizi umekwisha, na pale alipopachagua kulala hatarudi usiku ule. Mimi naacha picha inipite. Zimenipita nyingi, na sijutii hata moja.

Yule kijana ana jicho zuri, na ndiyo maana nimekasirika hivi. Nimempigia simu jana. Jumamosi tunaonana mtoni Sigi, saa kumi na nusu, giza likiwa bado. Aje na gambuti na sweta. Kopo aliache nyumbani.