Sikukimbia pesa ya wasukumaji

Kwanza kabisa, sikukimbia. Naomba hilo lieleweke kabla hamjaendelea kuisambaza ile video inayodai niliwaacha vijana walionisukumia gari kivukoni bila kuwalipa. Rafiki yangu, ambaye leo nitamwita Mtangazaji kwa kuwa ndiyo kazi aliyojipa, aliirusha kwenye status, ikatoka hapo ikaingia kwenye magrupu, na asubuhi hii muuza chipsi wa Kirumba, hapa Mwanza, ameniuliza, "Kaka, wale vijana wa kivukoni umeshawalipa?" Muuza chipsi! Hata oda sijatoa.

Video inaanzia pabaya. Inaanzia pale moshi unapofumuka. Kabla ya moshi kulikuwa na mambo.

Gari mnalijua. Kwa wageni: ni Mazda RX-8, nyekundu kwa asilimia kubwa. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza, haraka ambayo mimi na furaha yangu hatukuihoji. Aliniambia, "Mdogo wangu, hii ni cc 1300 tu, sawa na Vitz." Wala hakudanganya, hata kadi ya gari inasema 1308. Alichomeza ni kwamba injini ya rotari haina pistoni hata moja. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya vyumba vyake, na kwa jinsi zinavyochoma, kiu yake ni ya injini ya cc 2600. Mwaka 2003 injini hii ilipewa tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka. Waliotoa tuzo hawakuwa wakijaza mafuta ya elfu kumi kumi pale Pasiansi.

Oili nayo inakula. Siyo ugonjwa, imeumbwa hivyo: kuna pampu inayopeleka oili kidogo kidogo kwenye chumba cha kuchomea ili zile ncha za rota zisisagike. Ndiyo maana kwenye buti yangu kuna galoni ya oili mahali ambapo wenzangu wameweka spika. Siku ya kwanza nilipompelekea fundi wa Nyakato, alifungua boneti akatafuta plagi kwa juu, hakuziona. Nikamwonyesha ziko ubavuni, nne kwa rota mbili. Akafunga boneti taratibu, akaniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mtu mwenye IST.

Na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei kikomo za mafuta, wengine wanasoma habari. Mimi nasomewa hukumu.

Sasa kuna tabia moja ya rotari mnayotakiwa kuijua, maana kesi yote imelala hapo. Ukiiwasha ikiwa ya baridi, ukaisogeza mita mbili, ukaizima, plagi zinalowa petroli. Zikilowa, haiwaki. Mwenye RX-8 yeyote atakwambia: ukishawasha, iache ipate moto ndipo uzime. Mimi nalijua hilo. Tatizo ni kwamba taa ya mafuta kwenye dashibodi nayo inajua mambo yake, na Jumamosi ilikuwa imewaka tangu nyumbani.

Binamu yangu anaoa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, na Jumamosi ndiyo ilikuwa ya kupeleka barua ya posa. Wazee walitangulia na Noah. Shangazi, kiongozi wa msafara na mbeba barua yenyewe, alichelewa saluni, akaangukia kwangu. Najua mtauliza kwa nini nisizunguke na daraja la Kigongo–Busisi. Lipo, limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, unapita bila kumsubiri mtu. Lakini kuzunguka ni petroli, na Mtangazaji akasema, "Tupande kivuko, tupate picha, lile jiwe la ziwani, Bismarck Rock, linaonekana vizuri kule." Wote wawili tulikuwa na sababu zetu, yake ndiyo ya kijinga zaidi.

Kumwingiza Shangazi peke yake ilikuwa sherehe. Milango ya nyuma ya RX-8 inafunguka kinyume, na haifunguki mpaka wa mbele utangulie kufunguliwa. Vioo vya nyuma havishuki. Shangazi alisimama na kitenge chake kipya, akatazama milango miwili ikiachana.

"Hili gari au kabati la vyombo?"

"Ni spoti, Shangazi."

"Haya. Nipange na sahani zako."

Nyumbani mpaka kivukoni ni karibu, injini haikupata hata jasho. Tukakuta foleni. Foleni ikasogea mita mbili. Nikawasha, nikasogea, nikazima. Ikasogea tena. Nikawasha, nikasogea, nikazima. Nyie mnaosema ningeiacha inaunguruma, nitumieni hiyo petroli ndipo tuendelee na mjadala. Ndani ya kivuko jamaa wa koti la kuelea akawa ananipanga: sogea mbele kidogo, bado, rudi nyuma, kata kulia, nyoosha, hapohapo, zima. Nikawekwa wa kwanza kabisa mlangoni, pua inatazama tunakokwenda, reli ya kivuko kushoto, lori la saruji kulia, na nyuma yangu kila kitu chenye matairi kilichoamka Mwanza siku hiyo.

Niseme ukweli, njiani nilijisikia. Watoto walikuja kupiga picha. Jamaa mmoja akaniuliza linakimbia ngapi, nikamwambia injini inapanda mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika, akatikisa kichwa kwa heshima. Mtangazaji alikuwa ameshatoka, anarekodi ziwa, anarekodi gari, anajirekodi mwenyewe. Shangazi alikuwa ndani, maana mlango wake ulibanwa na reli. Alikuwa akila karanga, ametulia.

Tukafika.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu Mtangazaji hapa alikuwa bado anatafuta pembe nzuri ya picha na hamkuona kitu.

Mlango wa kivuko ukashuka ukagusa nchi kavu. Jamaa wa koti la kuelea akapiga filimbi, akaninyooshea mkono mimi, kati ya watu wote. "Haya, gari dogo, tangulia!" Nikarekebisha kioo. Kwa nini nilirekebisha kioo sijui, nadhani nilihisi natazamwa. Nikakanyaga klachi, nikazungusha ufunguo.

Krrr-krrr-krrr-krrr.

Kila mwenye gari anaijua ile sauti ya stata inayozunguka bila mtu kuitikia. Nikatabasamu, kama niko kwenye majaribio tu. Nikarudia. Krrr-krrr-krrr. Lori la saruji likawasha, likatoa pumzi. Nyuma yangu injini zikawaka moja baada ya nyingine, zote, kwa ufunguo wa kwanza. Nikakanyaga mafuta mpaka chini na kuzungusha, ndiyo dawa yake, inakata petroli ili plagi zikauke. Inahitaji betri yenye moyo. Yangu ilijitahidi kama sekunde kumi, ikaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, krr... krr... kr. Halafu tik.

Tik.

Honi ya kwanza ilitoka mbali, ya heshima, pi. Ya pili haikuwa na heshima.

Sasa mnajua nchi hii kila mtu ni fundi mpaka gari lake liharibike. Vichwa vikajaa dirishani. "Betri hiyo." "Pampu hiyo." "Weka N." "Siyo otomatiki, huoni gia?" Mzee mmoja mwenye baiskeli aliinama akatazama chini ya gari, akainuka, akasema kwa huzuni, "Mafuta yapo lakini?" Nikasema yapo. Akasogea achungulie geji. Nikaifunika kwa mkono.

Jamaa wa koti la kuelea akaamua: lisukumwe. Wakaja vijana, wengine kwa moyo, wengine kwa bei. Mmoja, mwenye jezi ya kijani na mikono minene, akashika buti, akajaribu, akaachia. Akasema, nami nilimsikia, na aliyekaa nyuma yangu alimsikia pia:

"Mama ashuke kwanza, gari lipungue."

Karanga zikakoma.

"Nani apungue?" Shangazi aliuliza. Kioo hakishuki, kwa hiyo aliuliza kupitia dirisha langu, mdomo kwenye sikio langu. "Mwambie huyo kijana mimi ndiye mwenye barua. Nimepandishwa Mwanza, nitashushwa mlangoni kwa watu. Sukumeni!"

Na hata angetaka, mlango ulikuwa bado umebanwa na reli.

"Harambee!" "Heee!" Gari likatembea. Pua ikafika pale ulimi wa kivuko unapokutana na ardhi. Wenye Noah hamjawahi kupaona hapo, nyie mnapita. Gari langu liko chini, bampa ya mbele inapitisha ngumi, tena ya mtoto. Ikagusa. Ikaita *kraaaa*, ndefu, ya plastiki, na nusu ya bampa ikabaki inaning'inia. Nyuma yangu watu wote walisema "Ooooh" kwa pamoja, kwaya ya kanisa haijawahi kupatana vile. Wakanyanyua pua kwa mikono. Mimi niko kwenye usukani nimenyooka, nashika usukani wa gari lililobebwa. Abiria wa miguu wanatupita pande zote mbili. Mama mwenye beseni la dagaa kichwani alinipita, akageuka, akasema, "Pole, baba." Kwa upole. Ule upole ndio uliouma kuliko honi zote.

Tukafika juu kwenye tambarare. Jezi ya kijani akasema sasa tunakimbia nalo, wewe weka gia ya pili, nikikwambia achia, achia. Nikaweka ya pili, klachi chini, mguu wa kulia mafuta mpaka sakafuni. Wakaanza kukimbia. Nasikia ndala zao. Nasikia Shangazi akiomba, kwa Kisukuma, ile sala ambayo hutakiwi kuikatiza.

"ACHIAAA!"

Nikaachia.

Ile petroli yote niliyoibana kwenye foleni, kuwasha, kusogea, kuzima, ilikuwa imenisubiri. Bomba la moshi likapiga BAAAH! Moto mfupi ulitoka, nimeuona kwenye video, sikatai. Halafu moshi, mweupe wa petroli na bluu wa oili, ukafumuka ukawameza wasukumaji wote, ukawameza bodaboda wa pale kijiweni, ukaelekea kwenye kibanda cha mama ntilie. Mtu akapiga kelele, "Linalipuka!" Mzee wa baiskeli alilala chini kwa mtindo wa aliyepita jeshini. Kijana mmoja alirudi mbio mpaka majini, viatu vyote.

Na gari likawaka! Jamani, likawaka. Sasa hapa ndipo nazungumza na nyie mlioandika "mwizi wa nguvu za wanyonge". Injini iliyotoka kulowa ukiachia pedali ya mafuta inazima. Ikizima, betri imekufa. Kwa hiyo sikusimama. Nisingeweza kusimama. Niliwapungia mkono wa shukrani dirishani, na najua kwenye video unaonekana ni mkono wa kejeli, lakini ulikuwa wa shukrani. Nyuma jezi ya kijani anatoka ndani ya moshi anakimbia, "Boss! Ya soda! Boss!" Nyuma yake Mtangazaji naye anakimbia, simu mkononi, anarekodi huku anatukana. Nikaingiza ya tatu.

"Rafiki yako yule ametuita nini?" Shangazi akauliza.

Mengine hayana maana. Tulifika, nikaliacha linaunguruma nje ya geti wakati wazee wanasalimiana, petroli ikaisha katikati ya salamu, likazima lenyewe. Barua imepokelewa. Mtangazaji alikuja na bodaboda akagoma kula. Plagi zilifunguliwa zikakaushwa, nikarudi kwa daraja na petroli ya kuchangiwa na wakwe wa binamu yangu, ambao bado si wakwe. Bampa imefungwa kwa waya.

Kuhusu hela: jezi ya kijani, kama unasoma hapa, nitumie namba. Wewe tu. Tangu jana walioniandikia kwamba walisukuma ni wengi kuliko abiria wa kile kivuko, na mmoja yuko Dodoma.

Mahari inapelekwa mwezi ujao. Shangazi ameshatuma orodha ya usafiri kwenye grupu la ukoo. Jina langu lipo, limewekwa upande wa abiria.